Kinachofanana na Kweli

Jamani, duniani kuna watu wana kazi za ajabu, lakini ya Vishindo ilizidi. Mtu mzima, ana mke, ana mtoto, anaamka asubuhi, anapiga pasi shati, anakwenda kazini kuvunja karoti mbele ya maikrofoni. Ukimuuliza anafanya nini, anakwambia kwa uso mkavu kabisa kwamba anamvunja mtu mguu. Alikuwa fundi wa milio redioni, kwenye kitengo cha michezo ya kuigiza. Waigizaji walisema maneno, yeye akawapa dunia ya kusemea: mlango unafunguka, farasi anapita, mtu anapigwa kofi, bati linapigwa na radi. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini hata mkuu wa kituo alimwita Vishindo, na mwenyewe akaitika.

Kazi hiyo aliifanya mpaka kichwa kikawa cheupe, na mpaka michezo yenyewe ikafutwa, maana wasikilizaji walikuwa wamehamia kwenye simu zao. Akastaafu, akapewa saa ya ukutani na makofi, akarudi nyumbani. Akadhani yamekwisha. Wapi! Kubwa kuliko yote lilikuwa bado linamsubiri, na lililetwa na bintiye wa pekee, tena kwa upole.

Binti alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike, akaja kukaa kwa baba yake kidogo apate nguvu. Asubuhi moja alikuwa kitandani ananyonyesha, baba yake amekaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, anamenya chungwa.

"Baba," akasema, "nataka unipe kitu kimoja tu. Usikasirike."

"Sema, mama."

"Nataka sauti ya mama."

Chungwa likabaki mkononi, ganda linaning'inia. Mke wa Vishindo alifariki binti akiwa bado hajaanza shule. Picha zilikuwepo, tena nzuri, ziko ukutani mpaka leo. Lakini picha haikuiti kwa jina, wala haikwambii uvae viatu.

"Mama mdogo kaniambia jana," binti akaendelea. Mama mdogo ni yule mdogo wake marehemu, mama mwenye mwili na maneno, aliyekuwa akija kila siku kumwogesha mtoto. "Kaniambia kuna siku ulibeba mashine ya redio mpaka nyumbani, ukamrekodi mama ananibembeleza nilale. Kwa hiyo ipo, baba. Iko kulekule redioni. Kaitafute. Nataka huyu amsikie bibi yake. Na mimi pia. Nikijaribu kukumbuka alikuwa anasemaje, sipati kitu. Napata kimya tu."

Vishindo akaling'oa lile ganda. "Nitaangalia," akasema.

Nitaangalia! Ungekuwepo pale ungetamani umshike mabega umtikise. Hakukuwa na cha kuangalia, naye alijua fika. Sauti ile aliifuta yeye mwenyewe, kwa kidole chake hikihiki cha kumenyea chungwa. Na ili ujue mtu mwenye akili timamu anafutaje sauti ya mkewe, sharti kwanza nikupe habari za neno moja la Kiingereza.

Neno lilikuja na mkurugenzi mpya wa michezo. Kila mtu alimwita Profesa, ingawa uprofesa hakuwa nao. Alikuwa amesomea uigizaji ng'ambo, akarudi na koti zito ambalo hakulivua hata jua likiwaka namna gani. Siku ya kwanza alikaa studio, akasikiliza mchezo mzima kimya, kisha akavua visikilizio vya masikioni akasema, "Hamna verisimilitude."

Wakatazamana. Waigizaji walidhani ni mtu, hajafika kazini.

"Veri nini, mkubwa?" Vishindo akauliza.

Profesa akalitamka tena polepole, silabi kwa silabi, kama anayemlisha mtoto. Wakajaribu. Mmoja akalikwamisha katikati, mwingine akalimaliza kabla halijaisha. Kulikuwa na mwigizaji mmoja, mwanamke, aliyekuwa analizwa katika kila mchezo na kwa hiyo akaitwa Bi Machozi. Huyo akasema mbona linasikika kama dawa ya minyoo. Studio nzima ikavunjika mbavu. Profesa naye akacheka, maana hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Akakaa juu ya meza akawaeleza.

Akasema neno hilo Waingereza hawakulizaa, walilipokea. Wenyewe hasa ni watu wa Kilatini. Hao walikuwa na neno lao la kusema kweli, na neno lao la kusema kufanana, wakayaunganisha yakawa neno moja. Neno likapita kwa Wafaransa, na miaka mia nne hivi iliyopita likabisha hodi kwa Waingereza, wakalifungulia. Ukilifungua tumbo, akasema Profesa, ndani unakuta mambo mawili tu: kufanana, na kweli.

"Sasa si waseme kweli tu, yaishe?" Vishindo akauliza.

"Kwa sababu si kweli," Profesa akamjibu. "Ni kinachofanana nayo. Wewe mwenyewe, ukitaka mvua unafanya nini?"

"Namwaga mchele juu ya karatasi iliyokazwa."

"Kwa nini hurekodi mvua?"

Vishindo akacheka. Hilo alilijua zamani. Mvua ya kweli ukiirekodi inatoka kama mtu anakaanga vitunguu. Mguu wa kweli ukivunjika hausikiki hata kidogo. Farasi wa kweli kwenye nyasi ni mtu anapigapiga mto wa kulalia. Msikilizaji akipewa vitu vya kweli atazima redio akalale.

"Umeona?" Profesa akasema. "Msikilizaji hataki kweli. Anataka kile ambacho akikisikia atasema, ehee, hiyo ndiyo kweli. Una kazi kubwa wewe, Vishindo. Wewe ndiye verisimilitude yetu."

Loo! Unajua mtu aliyefanya kazi miaka na miaka akitaniwa kwamba analipwa kwa kuvunja mboga, halafu siku moja msomi anamwambia kazi yake ina jina, na jina lenyewe limetoka mbali kiasi hicho? Vishindo alivimba. Akaenda nyumbani anatembea kama amevaa suti. Akamwambia mkewe neno, mkewe akalirudia akashindwa, akacheka kwa puani. Ndivyo alivyokuwa anacheka, kwa puani, kama mtu anayezuia chafya. Sauti yake yote ilikuwa hivyo, ya mafua ya kudumu, na maneno yakimtoka mbiombio, mengine anayameza mwishoni.

Kuanzia hapo studio wakalikata neno wakaliita Veri, wakalifanya mtu. Mlio ukienda vibaya: "Leo Veri kalala." Ukienda vizuri: "Veri kaja na chai yake." Utani mtupu, lakini kwa Vishindo ulikuwa utani nusu. Alikuwa amepata dini.

Basi ukaja mchezo mmoja wa mama anayeondoka nyumbani usiku na kumwacha mtoto. Kabla hajaondoka anambembeleza alale. Profesa alitaka wasikilizaji wafe kwa majonzi hapo. Vishindo akapata wazo la kumfurahisha bosi: kwa nini asirekodi mama wa kweli na mtoto wa kweli? Mkewe si yupo, na kichanga si kipo? Akaomba ruhusa, akaipakata ile mashine kwenye teksi kama yai, akaitua juu ya kitanda.

"Niseme nini?" mkewe akauliza. Alikuwa amejifunga khanga, amechoka, nywele timtim.

"Usiseme kitu. Mlaze mtoto kama siku zote. Mimi sipo."

Akamlaza. Akamwambia mtoto alale, kwamba mama kachoka, kwamba asipolala atauzwa. Katikati akakatisha kumfukuza paka wa jirani aliyeingia jikoni. Akakohoa. Akaanza wimbo usio na maneno, akausahau, akaanza tena pengine. Mtoto akamshika pua, na mama akacheka kile kicheko chake. Ndiyo yote.

Kesho yake Vishindo akaucheza ule utepe studio. Profesa alisikiliza kichwa upande.

"Nani huyu?"

Hapa ndipo ningemchapa makofi. Kwa sababu alikuwa na neno moja tu la kusema, *mke wangu*, na lisingemgharimu chochote. Lakini aliona uso wa Profesa, akaona haujafurahi, ulimi ukamteleza. "Mama mmoja hivi, wa mtaani," akasema.

"Haaminiki," Profesa akasema. "Sikiliza, anaongea kama anaagiza sabuni dukani. Halafu hicho kikohozi! Mama anayempenda mwanawe hasikiki hivi."

"Lakini ni mama kweli, mkubwa. Na mtoto wake kweli."

"Ndicho nisemacho siku zote. Kweli haitusaidii. Futa, tutumie utepe huohuo, tepe nyingine hakuna."

Na tepe zilikuwa za shida kweli, hapo hakudanganywa. Bi Machozi akakunja taulo akalipakata, akasimama mbele ya maikrofoni. Vishindo akaminya kitufe. Sauti ya mkewe ikawa inafutika huku ya Bi Machozi ikiingia mahali pake, laini, inatetemeka, kila neno limeoshwa. Mtoto alikuwa Vishindo mwenyewe, anasugua puto kwa kidole kibichi. Walipomaliza, waigizaji wengine walikuwa wanafuta macho. Veri alikuja na chai yake siku hiyo, na vitafunio juu.

Na nyumbani hakusema. Alikusudia kusema, ila kila alipofungua mdomo akakuta ni mzito. Jioni ya mchezo, mkewe alikuwa ametangaza mtaa mzima. Viti vimetolewa nje, redio imewekwa dirishani, majirani wamejaa, yeye katikati na mtoto wake mapajani, ameoga, amechana nywele kama anayekwenda kuonekana. Mahali penyewe pakafika. Ikatoka sauti ya Bi Machozi.

Majirani wakamgeukia. Naye akamgeukia mumewe.

"Mmenibadilisha?"

Vishindo akakuna shingo.

Mwanamke akacheka, kwa puani. "Haya, bora," akasema. "Huyo ndiye mama hasa. Mimi na mafua yangu nani atanisikiliza?" Watu wakacheka, mambo yakapita. Akainuka akaenda kumlaza mtoto, na hakurudi kusikiliza mwisho. Hata pole Vishindo hakumpa. Alikuwa ametega sikio ndani, akisubiri Profesa apige simu kumpongeza.

Ugonjwa ulipomjia yule mwanamke ulikuwa wa haraka, wa kuingia na kutoka. Na tangu ile siku Vishindo hakumrekodi tena. Mashine zilipita mikononi mwake kila siku ya Mungu. Alirekodi magari, alirekodi visima, alirekodi mpaka bata. Mkewe hapana. Nani anarekodi mtu ambaye atamkuta nyumbani jioni?

Haya. Sasa unajua alichokuwa anakijua yeye pale mlangoni, na chungwa lake.

Alikwenda redioni hata hivyo. Alijiambia anakwenda ili asiwe amedanganya alipoahidi kuangalia. Stoo ya tepe ilikuwa inahamishiwa kwenye kompyuta, na dada aliyekuwa anaishughulikia alimfahamu, akamtafutia, akampa na kiti. Vishindo akavaa vya masikioni. Akamsikia Bi Machozi, akasikia puto lake, akasikia mlango wake, na mvua yake ya mchele. Mchezo ukaisha. Dada akanyoosha mkono azime.

"Acha, mama, acha iende," Vishindo akasema.

Maana mashine za zamani zina mambo. Pengine palibaki kipande mwishoni, mahali ambapo mchezo haukuifuta sauti ya mkewe. Neno moja. Kikohozi, jamani, hata kikohozi. Alifumba macho, akabana vile vitu masikioni kwa viganja viwili. Utepe ukazunguka, ukaendelea kuzunguka, ukavuma tu, mpaka mkia wake ukachomoka ukaanza kupigapiga gurudumu.

"Umekipata, mzee?" dada akamuuliza.

"Nimekipata," akasema. Na hapohapo, kwenye kile kiti, akakata shauri.

Bi Machozi alikuwa sasa bibi anayeshona mashati ya shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Miguu ilikuwa imevimba, lakini sauti, ajabu, ilikuwa bado ya msichana. Walicheka kwanza, wakawataja waliokufa, wakamtaja Profesa na koti lake. Kisha Vishindo akaeleza.

Bi Machozi akaacha kukanyaga cherehani.

"Unataka nimdanganye mtoto wa watu kwamba mimi ni mama yake?"

"Nataka apate kitu, dada. Sasa hivi hana hata kimoja."

"Mwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake nilikuwa naye mkononi nikamfuta, kwa sababu sauti yake haikunipendeza?"

"Haikumpendeza Profesa."

"Kidole kilikuwa changu."

Bi Machozi alisogeza shati kando. Naye alikuwa hana raha. Ni sauti yake iliyokaa pale mahali pa mwenzake, na siku ile hakujua. Vishindo alipomwambia kwamba yule mama wa mtaani alikuwa mkewe, bibi wa watu alijishika mdomo. "Ungesema, wewe mwanamume," akasema. "Ningekataa." Sijui kama angekataa. Waigizaji husema hivyo.

Lakini akakubali. Labda kwa huruma, labda kwa sababu miaka ilikuwa imepita na hakuna aliyemwomba aigize kitu zaidi ya kukunja kola.

Walitundika blanketi kwenye kuta za chumba chake cha kulala ili sauti isigonge. Vishindo akaleta mashine yake ndogo ya zamani. Mara ya kwanza Bi Machozi akaja na ile sauti yake ya kuoshwa.

"Hapana, dada. Hiyo ni ya Profesa. Bana pua. Ongea kama una haraka, kama una sufuria jikoni."

Akabana pua.

"Meza mwisho wa maneno. Usiseme lala mwanangu. Sema lala basi, we, unanichosha."

"Mama gani anamwambia mtoto unanichosha?"

"Mama wa kweli. Sasa kohoa. Si hivyo, hicho ni cha mgonjwa. Kohoa cha mtu ambaye hajui kwamba amekohoa."

Na jamani, tusifichane: alianza kufurahia. Ndilo jambo lililomuumiza baadaye kuliko yote. Damu ilimchemka kama zamani. Alikuwa anamrudisha mkewe kipande kwa kipande, sasa pua, sasa haraka, sasa yule paka, na kila kipande kilipokaa mahali pake alipiga paja akasema hapo hapo! Nje lori likawa linanguruma, likawa linaharibu. Akatafuta mchele, akakaza karatasi, akamwaga mvua kufunika lori. Siku ile ya kweli mvua ilinyesha? Hakukumbuka, wala hakujiuliza mara mbili. Ilipendeza. Mwisho Bi Machozi akacheka, kwa puani, kama mtu anayezuia chafya, na nywele za mikono ya Vishindo zikasimama.

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa."

Bi Machozi akavua miwani akaifuta. "Usiniletee kazi nyingine, Vishindo," akasema.

Akarudi nyumbani, na njiani moyo ukaanza kumsuta. Akajipa matumaini ya ajabu: shemeji yake yupo. Yeye na marehemu walitoka tumbo moja, walilala kitanda kimoja, hawezi kudanganyika. Atasikiliza, atasema, "Shemeji, huyu si dada." Basi hapo mambo yatajulikana, yeye atasema yote, atatukanwa, na itakuwa haki. Alitembea akilitaka hilo tusi. Aliliwazia mpaka maneno yake.

Akawakuta wote chumbani. Mama mdogo alikuwa anamfuta mtoto kwa taulo. Vishindo akaweka mashine juu ya kitanda, mahali palepale pa zamani.

"Umeipata?" binti akauliza, na tayari machozi yamemlenga.

Vishindo akaminya kitufe.

Mvua ikanyesha. Sauti ya mafua ikasema lala basi, we, unanichosha. Binti akaweka kiganja kifuani. Hakulia kwa kelele. Alitabasamu huku machozi yanatiririka mpaka kidevuni, akamsogeza mwanawe karibu na mashine. Vishindo hakumtazama yeye. Alimkazia macho shemeji yake, akamsubiri.

Mama mdogo alikuwa amesimama na taulo mkononi. Kikohozi kilipopita, akakaa kitini puu.

"Dada," akasema. "Dada yangu, jamani. Ndiye huyo. Hata kikohozi chake!" Akaangua kilio. "Na ile mvua! Naikumbuka ile mvua, shemeji, nilikuwepo, nilikuwa naanua nguo!"

Vishindo akafungua mdomo. Angesema hapo, angewavunja wawili kwa mpigo. Akaufunga.

"Asante, baba," binti akasema. "Mungu akuweke. Nilijua hukuitupa."

Binti akaihamishia sauti kwenye simu yake, na kuanzia siku hiyo ikawa ya kila siku baada ya chakula cha mchana. Mtoto akilia, simu inawekwa juu ya mto, na bibi anambembeleza. Na analala! Binti akaanza kusema maneno ya kwenye utepe bila kujua, anamwambia mtoto unanichosha, we, tena kwa puani. Mama mdogo alipokuja aliwaambia majirani kwamba hivyo ndivyo alivyokuwa marehemu, hakuna tofauti, na majirani wakaja kusikiliza wakasema ehee.

Vishindo aliacha kukaa chumbani sauti ilipowashwa. Alihamisha kiti chake cha plastiki akakiweka barazani, upande wa ukuta. Mchana mmoja amekaa pale, ndani kumetulia, akaona amkumbuke mkewe mwenyewe, yule wa kwake. Haikuwa kazi ngumu. Miaka yote hiyo alikuwa naye kichwani; alipotaka kumsikia alimsikia tu, bila mashine. Akachagua kile kilichomuuma zaidi, ili awe na uhakika. Kichwani akaviweka viti nje, akawaweka majirani, akaiweka redio dirishani, akamgeuza mkewe amtazame na kumuuliza kama wamembadilisha.

Mkewe akageuka, mdomo ukafunguka, ikatoka sauti ya Bi Machozi.

Akashtuka. Akajaribu jingine: mkewe anamwita kula. Bi Machozi. Akajaribu asubuhi ya harusi yao, akajaribu hospitali, kitanda cha mwisho, pale aliposema neno lake la mwisho ambalo Vishindo hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Maneno yalikuwa yaleyale, hayakupungua hata moja. Aliyeyasema alikuwa Bi Machozi, kwa puani, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

Akainama, akaziba masikio. Akakaa hivyo anatafuta. Alitafuta kwa bidii ya mtu aliyeangusha kitu kisimani, na chozi likamdondoka mzee wa watu, halafu jingine.

Binti akatoka na mtoto begani, akamkuta. Alivuta kigoda akakaa karibu, akamshika baba yake mkono.

"Lia tu, baba," akasema. "Na mimi nililia. Zamani nilikuwa nakuonea wivu, unajua? Wewe ulikuwa unamkumbuka, mimi sina kitu. Sasa tunamkumbuka wote wawili."

"Ndiyo, mama," Vishindo akasema.

Na walikuwa wanamkumbuka kweli, baba na binti, pale barazani, mkono kwa mkono. Wote wawili walikuwa wanamkumbuka Bi Machozi.